Nilipima Mara Moja

Kazini wananiita Gramu. Si kwa umbo, maana mimi ni mwanamke wa mifupa mizito, ila kwa sababu gramu moja hainipiti. Nahakiki mizani: za maduka, za mabucha, za zahanati, za wauza misumari. Mwenye mizani anaileta karakana, naiweka juu ya meza ya zege, naipandishia mawe ya kupimia, moja baada ya jingine, na ikisema kweli naipiga muhuri. Ikidanganya inarudi kwa mwenyewe na karatasi nyekundu, na mwenyewe ananitukana mpaka mlangoni. Nimetukanwa na watu wazima wengi na bado usingizi naupata.

Kwa hiyo najua kuna watakaocheka nikisema kwamba mtu huyohuyo, kwa mwaka mzima, alishindwa kujua kama anampenda mchumba wake. Chekeni tu, nimezoea.

Mchumba mwenyewe ni mwokaji mikate, na karibu mtaa mzima unamwita hivyo, Mwokaji. Tulijuana alipoleta mizani yake ya unga nikamkatalia. Akaitengeneza, akairudisha, nikaipitisha, akaniachia mkate wa moto mezani. Nilimwambia hiyo ni rushwa. Hakubisha. Aliukata vipande akawagawia mafundi wote, mimi akanibakishia kile cha mwisho, kigumu, akaenda zake. Nilikitafuna njia nzima ya kurudi nyumbani nikicheka peke yangu.

Balaa lilianza wiki moja baada ya wazazi kukubaliana tarehe ya harusi. Tulikuwa tumekaa nyuma ya kiwanda chake tunakula machungwa. Akacheka, na uzi wa chungwa umemnasa kwenye meno. Wazo likanijia: mtu unayempenda kweli ungemwona hivyo? Lilikuwa wazo dogo, la kijinga. Mwingine angelitupa pamoja na maganda. Mimi nililichukua nikaenda nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo, na asubuhi nikaanza kujipima.

Nilijipima kwa kila njia. Nilitazama picha yake nikisikiliza moyo kama umeruka. Ukiruka, nilijiuliza kama umeruka vya kutosha. Usiporuka, mate yalinikauka. Nikipishana na mwanamume mzuri njiani niligeuka kumtazama makusudi, nione kama moyo utamrukia zaidi. Niliwatazama wake na waume kwenye mabenchi ya zahanati, wamechoka, wamebeba watoto wenye homa, nikawaonea wivu kwa sababu nilidhani wao wanajua. Halafu nilimwungamia Mwokaji yote. Leo nimeona pua yako ni kubwa. Leo umeniita nikachelewa kuitika, unadhani maana yake nini? Maskini, alikuwa anafuta unga mikononi ananijibu kwa upole kwamba ananiona, ninampenda, nitulie. Nilitulia. Jibu lake lilinitosha mpaka saa sita mchana, kisha nilihitaji jingine.

Nikambebea dada yangu swali. Dada ndiye mkubwa wangu, na aliwahi kuolewa, na aliachika baada ya kugundua kwamba mumewe ana nyumba nyingine na watoto wawili upande wa pili wa mji. Tangu hapo anazungumza kuhusu ndoa kama mtu aliyetoka vitani. Alinisikiliza, akaweka kisu cha kumenyea chini, akasema, "Mimi nilijua mapema sana. Ukiona unajiuliza, mdogo wangu, jibu unalo."

Kauli hiyo iliniunguza mwaka mzima. Simlaumu, alinipa alichokuwa nacho. Lakini shaka ya dada ilikuwa na kitu cha kushika: risiti za dukani za nguo za watoto ambao si wa kwake, Ijumaa ambazo mume hapatikani, uongo ambao ukiuvuta uzi unafumuka. Shaka yake ilikaa mahali pamoja ikangoja aende akaangalie. Yangu haikukaa. Leo pua, kesho sauti, keshokutwa ile siku aliponishika mkono na mimi nikafikiria vitunguu. Kila nilipoijibu ilivaa nguo nyingine ikarudi. Wakati huo sikuliona hilo. Niliona tu kwamba mimi ni mwongo ninayekaribia kumwibia mtu mwema maisha yake.

Sasa nieleze habari za jiwe, maana ndilo lililoniumbua.

Karakana yetu ina jiwe la kilo moja ambalo mawe mengine yote hulinganishwa nalo. Linakaa kabatini, ndani ya kasha lenye kitambaa laini, na hutolewa mara mbili kwa mwaka, kwa koleo na glovu. Chini yake kuna kitundu kilichojazwa chembe za madini ya risasi na kuzibwa, ili uzito wake utimie sawasawa. Msimamizi wetu, ambaye tunamwita Mama Stempu kwa kuwa muhuri ni wake, alinikabidhi ufunguo wa kabati lile miaka sita iliyopita na kuniambia nisilizoee.

Mwaka ule nililizoea. Kila mtu akienda kula mchana, nililitoa. Kichwa changu kilikuwa kimeshaharibika kwa kutafuta uhakika, nami nilitaka angalau kitu kimoja duniani kiwe na uhakika. Nililipima. Nikalipangusa, nikalipima tena. Nikaona alama ya kidole, nikalisugua kwa brashi. Nilifanya hivyo wiki kwa wiki, na siku moja kile kizibo cha chini kililegea, chembe za risasi zikadondoka ndani ya kasha nisizione. Kilo yangu ikawa imepungua gramu tisa. Nikalinganisha mawe ya kazi nayo, nikayapunguza yote yafanane na jiwe lililokosea, kisha nikaketi kuhukumu mizani za watu.

Nilikataa mizani kumi na moja kwa mpigo. Ya Mwokaji niliikataa mara mbili. Aliipeleka kwa fundi, fundi akamrudishia akasema haina ugonjwa, akaniletea tena nikampa karatasi nyekundu ya pili. Alipima unga kwa mizani ya kuazima karibu mwezi mzima na hakunisema vibaya hata siku moja.

Mama Stempu aligundua kwa kuchukua jiwe jingine ofisini kwake na kuliweka sambamba na lile. Sindano ikalala upande mmoja. Akapindua jiwe langu, akaona kitundu, akakung'uta kasha, chembe zikaanguka juu ya zege. Hakupandisha sauti. Aliniuliza nimelitoa mara ngapi. Nikamwambia sijui, labda kila siku. "Umelipima mpaka limepungua," akasema. Akachukua ufunguo, akaniambia nisirudi kwenye meza ile mpaka nikaonane na mtu kliniki, kwa sababu mimi si mzembe na kwa hiyo kuna kitu.

Mtu wa kliniki alikuwa mama mmoja mshauri mwenye mafua yasiyoisha na leso mkononi. Nilianza na jiwe, nikajikuta namweleza mapenzi. Nilizungumza nusu saa bila kumeza mate. Alipiga chafya mara mbili, akaniuliza, "Na huyo mchumba, unamtoa kwenye kasha mara ngapi kwa siku?"

Nililia pale kwenye kiti cha plastiki. Si kwa huzuni. Nililia kwa hasira ya mtu aliyeibiwa mwaka mzima na ndiyo kwanza anaoneshwa mwizi.

Akanieleza kwamba upo ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na kumlazimisha mtu ayahakiki. Wengine huwashika kwenye kunawa mikono, wengine kwenye kufuli la mlango, wengine huwashika hapo kwa mpenzi. Nilimwomba aniambie basi, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu: nampenda au simpendi? Alikataa katakata. Nikamwomba kipimo cha kutofautisha shaka ya ugonjwa na shaka ya kweli, akasema hatanipa, maana nitakitumia mara hamsini kwa siku. Alichonipa ni hiki tu: nitazame jibu linafanya nini. Mtu mwenye shaka ya kawaida anauliza, anajibiwa, anachukua hatua, yanaisha. Mimi nauliza, najibiwa, na ikifika jioni nina njaa ya jibu jingine.

Dawa yake ilikuwa chungu na ya kuudhi. Nisiungame. Nisimuulize dada. Nisijipime moyo. Swali likija niliambie labda, inawezekana, kisha niendelee kumenya viazi. Labda simpendi. Inawezekana. Viazi hivi vinahitaji maji zaidi. Wiki za kwanza nilimenya viazi vingi kuliko tulivyoweza kula. Nilimweleza Mwokaji kwamba nikimuuliza tena asinijibu, naye akajitahidi, ingawa ilimuuma kuninyima. Baada ya miezi sita swali lilikuwa bado linakuja, lakini lilikuwa limekuwa kama jirani mpayukaji, unamsikia na unaendelea kuanika nguo. Mama Stempu akanirudishia meza. Ufunguo hakunirudishia, na alifanya vizuri. Tarehe ya harusi, iliyokuwa imeahirishwa kwa ajili yangu, ikapangwa upya.

Zikiwa zimebaki wiki tano, nilikwenda kuhakiki mizani ya duka moja karibu na kituo cha polisi. Mizani ilikuwa nzuri, nikaipiga muhuri. Mwenye duka, kwa kuijaribu tu, akatwaa mikate mitatu rafuni akaiweka juu. Ilikuwa mikate ya Mwokaji, na kila mfuko umeandikwa gramu mia nne. Mitatu ilipaswa kuleta elfu moja na mia mbili. Ikaleta elfu moja mia moja na kumi.

"Mkate umekonda siku hizi," mwenye duka akasema, akairudisha rafuni.

Kila mkate ulipungua gramu thelathini. Mizani nilikuwa nimeihakiki mwenyewe dakika tatu zilizopita, kwa mawe yaliyolinganishwa na jiwe zima. Niliandika ile namba nyuma ya karatasi yangu, nikafunga begi. Nilisimama nje ya duka nikingoja kifua kibane, nikingoja yale maswali mia yaje kwa foleni. Hayakuja. Sikutaka kumpigia dada, wala sikutaka kurudi ndani nipime tena. Nilikuwa nimekasirika tu, kikawaida, kama mtu yeyote aliyekuta mtu wake anapunja watu.

Nilikwenda moja kwa moja kiwandani. Mwokaji alikuwa anatoa trei. Nilimuuliza mara moja, kwa sauti ya kazini: mikate yako imepungua gramu thelathini kila mmoja, umepunguza donge la unga?

Alinitazama. Halafu akatabasamu lile tabasamu lake zuri, akanishika shavu kwa kidole chenye unga. "Gramu wangu," akasema, "ni yale mambo yako yamerudi. Unakumbuka jiwe?"

Nilikumbuka jiwe. Na nakiri kwamba kwa muda mfupi nilitamani awe anasema kweli. Ingekuwa rahisi mno kuwa mgonjwa. Ningeomba radhi, angenikumbatia, tungekunywa chai na harusi ingefanyika. Lakini alipotamka neno jiwe alitazama trei, hakunitazama mimi. Nikatoa kidole chake shavuni. Nikamwambia harusi imesimama mpaka ajibu nilichouliza, nikaondoka.

Ilipofika kesho yake kila mtu alikuwa anajua nimeugua tena. Mwokaji alikuwa amempigia dada kwa masikitiko, dada akampigia baba, baba akaitisha kikao. Nilishangaa jinsi watu wanavyoweza kuwa wapole wanapokuzika mzima mzima. Dada aliniletea uji. Uji! Mimi, mtu mzima mwenye muhuri wa kazi. Nikamwambia mara hii sijiulizi chochote, nimeona. Akanipapasa mgongo akasema ndiyo, mpenzi, ndiyo.

Kikao kilikaa Jumamosi mchana sebuleni kwa baba. Alikuwepo baba kwenye kiti chake chenye mto uliotoboka, dada, Mwokaji na mama yake. Mama mkwe wangu mtarajiwa ni mwanamke mnyoofu, mstaafu wa uuguzi, ambaye hajawahi kuja kwetu bila mikate miwili ya mwanawe kwenye mfuko. Siku hiyo pia alikuja nayo. Ikawekwa mezani katikati yetu, na mimi na Mwokaji tukaitazama wote wawili.

Baba alianza kwa kukohoa. Akasema hakuna anayenilaumu, ugonjwa ni ugonjwa, kila mmoja pale ananipenda. Mwokaji akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye yuko tayari kunisubiri hata mwaka. Dada machozi yakamlenga. Kisha dada akaingia jikoni akarudi na mizani ndogo ya mapishi, akaiweka kando ya mikate. Walikuwa wameshapanga, niliona.

"Pima mwanangu," baba akasema, "hapa mbele yetu. Tuone, tuyamalize."

Mkono wangu uliinuka wenyewe. Ningepima, ningeshinda kesi, ilikuwa rahisi hivyo. Halafu nikajiona kesho: wangesema mizani ya jikoni si sahihi, nipime kwa nyingine. Ningepima. Wangesema mikate hii imekauka, nichukue mingine. Ningepima tena, na mwishowe ningekuwa nimekaa sakafuni nimezungukwa na mikate, na wao wamesimama juu yangu wakisema mnaona? Nikaurudisha mkono mapajani.

"Sipimi," nikasema. "Nimepima mara moja, kwa mizani niliyoihakiki mwenyewe, na namba ninayo. Nilipokuwa mgonjwa nilipima kitu kimoja mara mia na bado sikujua. Leo najua kwa mara moja. Mnataka kunipimisha tena ili niugue mbele yenu mridhike. Anayetaka kujua uzito wa mkate huo apime mwenyewe, mikono anayo."

Baba aliniita jina langu la utotoni kwa kunionya. Sikuinamisha kichwa.

Mama mkwe ndiye aliyesogea. Alivaa miwani, akasema yeye amepima watoto wachanga miaka thelathini na mikate haimshindi, akanyoosha mkono kuchukua mfuko wa kwanza.

"Mama, weka chini," Mwokaji akasema.

Alikuwa ameuinamia ule mkeka wa mezani, anachezea uzi wake. Akasema tangu unga upande bei, miezi miwili sasa, amekuwa anakata donge dogo. Aliona aibu kupandisha bei ya mkate, wateja wake wengi ni watu wa hali ya chini. Aliona gramu thelathini hakuna atakayezisikia. Mama yake alimuuliza kama ni hao watu wa hali ya chini anaowapunja. Mwokaji akainua uso akanitazama mimi.

"Nilijua unasema kweli," akasema. "Nilisema ni ugonjwa kwa sababu nilijua wataniamini mimi."

Nimewahi kutukanwa matusi ya kila namna mlangoni kwa karakana, na hakuna lililoniumiza kama hilo. Gramu thelathini mtu anaweza kuzirudisha. Lakini alikuwa amechukua kitu nilichomwambia kwa siri na kwa aibu, huku nalia, akanifungia nacho mdomo. Dada aliketi polepole. Nadhani alikuwa anamkumbuka mwanamume mwingine.

Nilimwambia Mwokaji mbele ya wote kwamba siku hiyo siolewi na siachani naye. Arudishe donge. Abandike karatasi kwenye duka la kiwandani kwake aseme alichofanya na kwa muda gani, kwa mwandiko wake, na ikae mwezi mzima. "Na ugonjwa wangu ni wangu," nikasema. "Ukiutumia tena kuninyamazisha, hata mara moja, nitaondoka, na sitamuuliza mtu yeyote kama nimefanya vizuri."

Baba alisema hayo ni maneno makali kwa mtu anayetaka kuolewa. Mama mkwe akamjibu kwamba anayaona ya kiasi.

Karatasi ilibandikwa Jumatatu, kando ya bei za mikate, kwa ule mwandiko wake unaopanda mlima. Iliandikwa kwamba kwa miezi miwili mkate wa gramu mia nne ulikuwa wa gramu mia tatu na sabini, kosa ni la mwenye kiwanda, sasa umerudi, na bei imepanda kidogo. Watu walimsema wiki nzima. Wengine walihama. Mwenye duka la karibu na polisi alikataa mikate yake mpaka nilipokwenda kwa kazi nyingine akaniuliza nionavyo, nikamwambia mizani anayo. Niliisoma ile karatasi mara moja, kupitia dirishani, nikapitiliza kazini. Sikurudi kuangalia kama bado ipo. Mafundi wenzangu waliniambia ilikaa wiki sita.

Katika wiki hizo Mwokaji alikuja kwetu kila Jumapili, akakaa na baba, akasikiliza yote aliyostahili kusikia. Hakuniomba nimhakikishie chochote. Siku moja nilimkasirikia kwa jambo jingine kabisa, la ufunguo aliosahau, na nikaona mdomo wake unataka kuunda lile neno jiwe. Akaufunga. Akasema, "Una haki ya kukasirika, nilisahau." Jioni hiyo nikamwambia baba atafute tarehe.

Asubuhi ya harusi lile swali lilikuja, bila shaka. Lilikuja mapema, kabla ya maji ya kuoga kuchemka, limevaa vizuri kama mgeni wa heshima. Una uhakika unampenda? Unaweza kuapa? Vipi kama unajidanganya, na huyu mtu umemkamata na uongo mmoja tayari? Nikaliambia inawezekana, nikaenda kuoga.

Dada ndiye aliyenivalisha. Gauni lilikuwa na vifungo vidogo mgongoni, ishirini na kitu, na vidole vyake vilikuwa baridi. Alifunga vitano, akasimama. Nilimwona kwenye kioo, macho yamemwiva, na nikajua analotaka kuuliza kabla hajafungua mdomo, maana mwaka mzima mimi ndiye niliyekuwa namuuliza yeye.

"Mdogo wangu, niambie ukweli. Una uhakika?"

"Sina," nikamwambia. "Funga vifungo, tunachelewa."